Mtoto ana shida ya masikio na tiketi za ndege zimeshakatwa: tusafiri au tuahirishe?

MamaIlham (Dar es Salaam)

Wadau habari zenu. Naombeni mawazo, hasa ya wazazi waliowahi kupita hapa, na wataalamu wa masikio kama wamo humu.

Binti yangu ana miaka mitatu. Tangu aanze shule ya awali masikio hayamwachi: leo la kushoto, mwezi ujao la kulia, homa, analia usiku kucha, tunapewa amoksilini, anapona, kisha yanaanza tena. Mara ya mwisho daktari alimchungulia akasema nyuma ya ngoma ya sikio la kushoto kuna maji yaliyotuama, akataka tumrudishe baadaye aone kama yamekauka. Usaha haujawahi kumtoka. Anasikia, ila siku hizi anapenda televisheni ipige kelele, na ukimwita akiwa amekupa mgongo inabidi urudie.

Ijumaa ya wiki ijayo tuna safari ya Mwanza, mdogo wangu anaolewa. Tiketi tulikata mapema zile za bei ya chini, ambazo ukiahirisha pesa hairudi. Juzi mtoto kaanza mafua. Jana usiku kashika sikio na mwili umechemka. Mama mkwe anasema asipandishwe ndege kabisa, ngoma itapasuka na mtoto atakuwa kiziwi maisha yake yote. Mume wangu anasema watoto wanapanda ndege kila siku, tumpe Piriton alale, akiamka tuko Mwanza. Basi na mtoto mgonjwa nalo naliogopa. Kumwacha kwa bibi yake naweza, lakini gauni la kumsindikiza bibi harusi limeshashonwa na kila asubuhi analiulizia.

Sitaki kuambiwa "pandeni tu" wala "msipande". Nataka kujua kinachoamua ni nini.

Msafiri wa Ilemela

Dada, wa kwangu alilia wakati wa kutua, akanyonya, akanyamaza, tuliposhuka anakimbia na mabegi. Usitishwe sana. Ila mwanangu hakuwa na homa, hilo nalisema wazi.

Bi Mkubwa Kariakoo

Mama Ilham, mkweo ana haki ya kuogopa, msimkatize. Zamani tulikuwa tunatia mafuta ya nazi ya uvuguvugu yaliyochemshwa na kitunguu saumu, sikio linatulia. Jaribu kabla ya safari.

Tabibu MPK

Shikamoo Bi Mkubwa. Kwa heshima zote, mafuta yasiingie kwenye sikio hilo, wala maziwa ya mama, wala maji ya kitunguu. Mtoto ana homa na maumivu, na hakuna aliyechungulia tangu jana. Kama ngoma imetoboka, kila unachomimina kinakwenda moja kwa moja hadi sikio la kati. Na hata kama haijatoboka, ugonjwa uko nyuma ya ngoma, mafuta hayafiki huko. Yanachofanya ni kumziba daktari asione kitu.

Mama Ilham, nafanya kazi kliniki ya masikio, pua na koo. Siwezi kumtibu mtoto kwa simu, lakini umeuliza kinachoamua, na hilo naweza kulieleza.

Kinachoamua ni hewa. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo ambacho kwa kawaida kina hewa. Chumba hicho kina mlango mmoja tu, mrija mwembamba unaoteremka hadi nyuma ya pua, wanauita mrija wa Eustachio. Ukimeza mate au kupiga miayo mrija unafunguka kidogo, hewa inaingia au kutoka, pande mbili za ngoma zinalingana. Mrija wa mtoto ni mfupi, mwembamba na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, ndiyo maana kamasi na vijidudu vinapanda kirahisi. Mtoto akiwa na mafua, kuta za mrija zinavimba na mlango unakwama.

Ndege ikipaa, mgandamizo wa hewa ndani ya ndege unapungua na hewa iliyo sikioni inatanuka. Hiyo si taabu kubwa, inajisukuma yenyewe kutoka. Taabu ni wakati wa kushuka. Mgandamizo unapanda, hewa ya sikioni inasinyaa, ngoma inavutwa kwenda ndani, na mrija uliovimba unabanwa zaidi badala ya kufunguka. Umewahi kufunga chupa tupu ya maji ndege ikiwa juu kisha ukaikuta imebonyea mkitua? Basi ngoma ya mtoto ndivyo inavyobonyezwa.

Sasa rudi kwa binti yako. Watu husema "ana masikio" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Sikio lililojaa maji mpaka juu, bila homa, bila maumivu, mara nyingi halisumbui sana angani, kwa sababu maji hayatanuki wala kusinyaa na hewa yenyewe haimo. Wazazi wengi hawaamini nikiwaambia hivyo. Sikio lenye tundu kwenye ngoma, lile la mtoto anayetoa usaha miezi na miezi, nalo halipati maumivu ya ndege, hewa inapita tundu. Halikadhalika mtoto aliyewekewa vimrija kwenye ngoma: kwa upande wa ndege huyo yuko salama kuliko sisi sote.

Anayeteseka ni mwenye hewa iliyofungiwa: mafua mazito, mrija umekwama, ngoma isiyo na tundu. Na anayetakiwa kusubiri ni mwenye maambukizi makali, yaani homa, maumivu, ngoma nyekundu iliyotuna. Mwongozo wa kitabibu wa IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, ambao mashirika mengi ya ndege huufuata, unataka abiria mwenye maambukizi makali ya sikio la kati asubiri hadi masikio yaweze kuzibuka. Aliyefanyiwa upasuaji wa sikio la kati husubiri angalau siku 10 na anatakiwa awe na cheti cha daktari.

Kwa hiyo leo hii, mtoto akiwa na homa na kushika sikio, jibu ni asipande. Lakini safari si leo. Mpeleke akachunguliwe kesho, yote mawili, si la kushoto peke yake. Kisha mrudishe siku moja au mbili kabla ya safari. Uamuzi utoke kwenye uchunguzi wa pili.

Baba wa Mapacha, Dodoma

Daktari, swali la mama mkwe bado lipo. Ngoma ikipasuka angani mtoto anakuwa kiziwi?

Tabibu MPK

Ni nadra kupasuka, na ikipasuka huwa ni tundu dogo. Utaona mtoto aliyekuwa akilia sana ananyamaza ghafla, kisha majimaji au damu kidogo vinatoka. Kwa watoto wengi tundu hilo hujifunga lenyewe ndani ya wiki chache, mradi maji yasiingie na daktari aangalie. Usikivu unapungua kwa muda, kisha unarudi.

Kinachoua usikivu wa watoto wetu taratibu ni sikio linalotoa usaha wiki hadi wiki na nyumbani wamelizoea. Usaha ukizidi wiki 2 hilo ni tatizo sugu, linataka kukaushwa kwa utambi wa kitambaa safi kila siku, matone sahihi ya dawa na daktari wa masikio. Naumia kila nikiona mtoto wa darasa la pili anakaa nyuma darasani, mwalimu anamwita mzembe, kumbe hasikii. Mama Ilham, hilo la televisheni na kuitwa mara mbili lina uzito kuliko ndege. Maji yakidumu miezi 3, mwanao apimwe usikivu.

Anga Buluu

Nimekuwa mhudumu wa ndege kwa muda mrefu kabla sijastaafu. Naongezea ya ndani ya ndege, na nianze na mzee wa Piriton.

Shemeji, usimlaze mtoto kwa dawa. Mtoto aliyelala fofofo hamezi mate mara kwa mara, na kumeza ndiko kunakofungua mrija. Anashuka na ndege akiwa amelala, masikio yamebanwa kimya kimya, anaamka magurudumu yakigusa chini kwa kilio ambacho hakuna mtu anaweza kukituliza. Nimekiona kilio hicho mara nyingi na kila mara mama anaambiwa na abiria wengine mtoto ana deko. Hana deko, anaumwa.

Kushuka hakuanzi pale taa ya mikanda inapowaka. Ndege huanza kuteremka kama nusu saa kabla ya kutua. Mwambie mhudumu unapoingia tu: "Mwanangu ana masikio, naomba mniambie tukianza kushuka." Tunafurahi kuambiwa, haitusumbui hata kidogo. Hapo ndipo unamwamsha, unamkalisha wima, unampa kitu cha kunywa. Wa kunyonya anyonye. Wa miaka mitatu mpe juisi kwa mrija wa kunywea, kidogo kidogo, idumu hadi mnagusa ardhi, maana wengi hummaliza mtoto kiu juu, akifika chini hataki tena. Pipi ngumu asipewe mtoto wa umri huo, itamkaba. Maji au juisi nunua ukishapita ukaguzi.

Kuna wanaoweka vikombe vyenye taulo ya maji moto juu ya masikio. Mimi nilikataa siku zote. Maji hudondoka na mtoto huungua, na sijaona mrija ukifunguka kwa joto la kikombe.

Mwana Likoni

Mimi niko Mombasa na kijana wangu alikuwa na tatizo kama hilo, tukienda Nairobi kwa baba yake. Jambo lililonishangaza ni kwamba kwenda Nairobi haumii, kurudi Mombasa ndiko analia. Nikadhani ni ile ndege. Tukabadilisha, hali ni ile ile. Siku hizi tukirudi tunapanda treni ya SGR, inateremka polepole kwa saa kadhaa na yeye hata hana habari. Kuna mwenye kujua sababu?

Fundi wa Ndege

Mwana Likoni, umeuliza jambo ambalo wasafiri wengi wa pwani wanalipata na hawaelezwi. Nafanya kazi ya matengenezo ya ndege, nikueleze.

Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani hairuhusiwi kuwa nyepesi kama ya nje. Mitambo huishikilia isiwe nyepesi kuliko ile ya mtu aliyesimama kwenye mlima wa futi 8,000, yaani kama mita 2,400. Boeing 787 inashikilia chini zaidi, kama futi 6,000. Kwa hiyo masikio yako hayashuki kutoka futi 30,000 zile zinazotajwa na rubani. Yanashuka kutoka mita 2,400 kwenda usawa wa kiwanja unachotua.

Sasa tazama viwanja. Nairobi, kiwanja cha JKIA kipo kama mita 1,620 juu ya bahari. Unaposhuka Nairobi masikio yanateremka mita 800 hivi tu. Mombasa ni usawa wa bahari, yanateremka zote 2,400. Isitoshe hewa ya chini ni nzito, kila mita unayoshuka karibu na bahari inabana zaidi ya mita ile ile ya juu.

Mama Ilham, chukua hesabu ya kwako. Mwanza kipo mita 1,147, Dar mita 55. Kwa mgandamizo, mita 2,400 ni kama hektopaskali 750. Mwanza chini ni kama 880, Dar ni kama 1,005. Kushuka Mwanza ni badiliko la 130, kushuka Dar ni 255. Karibu mara mbili. Kwa safari fupi kama hiyo ndege inaweza isifike juu kabisa, tofauti ikapungua, lakini mwelekeo haubadiliki. Watu wanajiandaa na safari ya kwenda wakasahau ya kurudi, na kwa anayeishi Dar, Zanzibar, Tanga au Mombasa, ya kurudi ndiyo ngumu.

Tabibu MPK

Fundi, asante sana. Hili nitaanza kuwaambia wazazi kliniki. Sikuwahi kuuliza mtu anatua wapi, nilikuwa nauliza anapanda saa ngapi.

Kaka wa Singida

Kwa upande wa barabara nisaidie kidogo. Dar–Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Mtoto mwenye homa ndani ya basi siku nzima, madirisha yamefungwa, maji ya kunywa unayapima ili asikojoe ovyo, hospitali ya karibu hujui iko wapi akizidiwa njiani. Na masikio yanaziba hata huko, mkiteremka mlima Sekenke utaona watoto wanajishika. Wanaopita mlima Kitonga, barabara ya Iringa, wanaelewa. Tofauti ni kwamba gari linashuka taratibu na mtoto ana muda wa kumeza. SGR hadi Dodoma ni nzuri, saa tatu na kitu umefika, ila kutoka Dodoma bado una basi refu mbele yako. Kwa mtoto asiye na homa ningesema mgawanye safari, mlale Dodoma. Kwa mwenye homa abaki nyumbani, gari si dawa.

MamaIlham

Nimerudi. Asanteni, nimesoma kila neno, na mume wangu kasoma kuhusu Piriton mwenyewe.

Tulikwenda jana. Daktari kachungulia kwa otoskopu, kile kitochi cha kuangalia sikio, kisha wakampima kwa kile kimashine kinachopuliza hewa kidogo sikioni na kuchora mstari. Majibu yametuacha mdomo wazi. La kushoto, tunalolihangaikia siku zote, mstari umelala: limejaa maji. La kulia, ambalo hatukuwa na wasiwasi nalo kabisa, ndilo jekundu na ngoma imevutwa ndani, na ndilo lililokuwa linamuuma. Yeye alikuwa anashika popote, mimi nikadhani ni la kushoto kwa mazoea.

Kaandikiwa dawa, ametuambia tumpe parasetamoli kwa uzito wake, tumsafishe pua kwa matone ya maji ya chumvi, turudi Jumatano. Kasema uamuzi usifanywe leo. Namba ya tiketi nimeiweka pembeni ili isinishawishi.

Tabibu MPK

Huyo daktari ni makini. Mstari uliolala ni maji. Mstari ambao kilele chake kimehamia upande wa hasi ni hewa iliyosinyaa na mrija uliokwama, na hilo ndilo sikio la kuogopa kwenye ndege. Mkirudi Jumatano uliza hasa juu ya la kulia: kilele kimerudi katikati? Kamasi limekauka? Homa imekwisha bila dawa?

Parasetamoli, soma chupa yako. Nyingi za maji zina miligramu 120 katika mililita 5, lakini si zote. Kipimo kwa watoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja ya uzito, kwa hiyo kilo ndizo zinazoamua, kijiko cha chai hakitoshi kuwa kipimo. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Mkisafiri, mpe kama nusu saa kabla ya kushuka, si kabla ya kupaa, safari yenyewe ni fupi. Aspirini mtoto asipewe. Dawa za kuzibua pua za watu wazima na zile za mafua za kuchanganya usimpe pia: kwa watoto wadogo hazijaonekana kuzuia maumivu ya ndege na zinawasumbua moyo na usingizi.

Dada wa Moshi

Samahani kuingilia uzi. Mwanangu aliwekewa kifaa cha kusikia cha kupandikizwa pale Muhimbili. Wanasema walianza upasuaji huo mwaka 2017, sisi tulikuja baadaye. Tunaombwa kwenda Dar kwa marekebisho na naambiwa ndege itaharibu kifaa. Ni kweli?

Tabibu MPK

Si kweli dada. Mgandamizo wa ndege hauharibu kifaa kilichopandikizwa. Beba kadi yake ya kifaa, waonyeshe watu wa ukaguzi uwanjani kabla hajapita mlangoni maana kinaweza kulia, na waombe wamkague kwa mkono. Sehemu ya nje ibaki kwenye begi lako la mkononi pamoja na betri za akiba, isiende kwenye mizigo. Ila masikio yake ya kati bado ni ya mtoto kama wengine, akiwa na mafua mazito yale yote tuliyosema yanamhusu.

Baba Zuwena, Muscat

Nami niseme la huku. Kila likizo watoto wanakuja kutoka Unguja, saa tano na ushei angani, na Muscat ni pwani pia, kwa hiyo kushuka ni kule kule kwa Fundi, 2,400 hadi chini. Kwa ndege ndefu tatizo ni kwamba watoto wanalala katikati ya safari na tunaona huruma kuwaamsha. Waamsheni. Kulia kwa kuamshwa ni kwa dakika mbili. Na walio wakubwa, wa miaka saba nane, wafundisheni nyumbani kubana pua na kusukuma hewa polepole mdomo umefungwa, wajue kabla ya siku ya safari. Asukume kwa upole, na asifanye akiwa na kamasi bichi, atalipeleka sikioni.

Jambo jingine ni shirika la ndege. Mkiwa na cheti cha daktari, pigeni simu mapema kabla ya siku ya safari. Kuna fomu ya taarifa za kitabibu ambayo daktari anaijaza. Mashirika mengine hata tiketi isiyorudishwa pesa yanakubali kusogeza tarehe kwa ugonjwa ulioandikiwa cheti, mengine yanakata faini. Kutokwenda uwanjani bila kuwaambia ndiko kunakopoteza kila kitu, hadi tiketi ya kurudi.

MamaIlham

Jumatano imepita. Homa haijarudi. La kulia si jekundu tena, kilele kimesogea lakini daktari kasema hakijafika katikati. Kamasi limepungua, bado lipo kidogo asubuhi. La kushoto maji yale yale. Akasema kwa kushuka Mwanza haoni ubaya mkubwa kama mafua hayatazidi, lakini maumivu kidogo yanaweza kuwepo, tuamue wenyewe. Nikamwonyesha maelezo ya Fundi. Akayasoma mara mbili akasema kwa kweli angependa zaidi tusogeze siku ya kurudi.

Tumekubaliana hivi nyumbani, mama mkwe akiwepo. Tunakwenda Ijumaa. Alhamisi usiku akiwa na homa au anashika sikio, mimi nabaki naye na baba yake anakwenda peke yake, hakuna mjadala. Kurudi hatutarudi Jumatatu. Baba anarudi kazini, mimi na mtoto tunakaa kwa wazazi wangu hadi pua ikauke, kisha tunampeleka achunguzwe huko huko hospitali ya Bugando kabla ya kupanda. Nimepiga simu, wamekubali kusogeza tiketi zetu mbili kwa cheti, na tofauti ya nauli tutalipa. Imeniuma, lakini nafuu hiyo kuliko kukisikia kilio cha Anga Buluu.

Mama mkwe kakubali kwa sharti moja, nimpigie tukitua.

Bi Mkubwa Kariakoo

Hapo sawa mwanangu. Mkweo umemheshimu na mtoto umemlinda. Nendeni salama, na mafuta nimeyaacha.

MamaIlham

Tumefika tangu Ijumaa, nimechelewa kuandika kwa shughuli za harusi. Nilimwambia mhudumu mlangoni, akaja mwenyewe kunigusa bega tulipoanza kushuka. Mtoto alikuwa amesinzia, nikamwamsha, kanuna, kanywa juisi kwa mrija taratibu. Karibu na kutua alisema "mama sikio", la kulia, akakunja uso, akalia kidogo, tukaendelea kunywesha. Tulipofika kwenye mizigo akawa anaulizia gauni. Usiku hakuamka. Leo asubuhi hana homa, hakuna kitu kilichotoka.

Daktari, nitazame nini sasa?

Tabibu MPK

Ashukuriwe Mungu. Akilalamika kuziba kwa siku mbili tatu si ajabu. Akipata homa upya, akitokwa na damu au usaha, au maumivu yakizidi, hospitali. Ukiona uvimbe nyuma ya sikio hadi sikio linasukumwa mbele, au uso umepinda upande, au shingo imekakamaa, hiyo ni dharura, nenda saa ile ile hata kama ni usiku. Na ukirudi Dar usiisahau ile tarehe ya kupima usikivu. Ndege imekwisha, maji ya kushoto bado.

Mzazi wa Kilindoni

Nimefuatilia uzi wote kimya. Sisi wa Mafia tunapanda vile vindege vidogo, havina hayo mambo ya kushikilia hewa. Kwa mtoto wa masikio ni hatari zaidi?

Fundi wa Ndege

Kwa Mafia na Dar hapana. Havishikilii hewa, ndiyo, lakini kwa safari fupi ya baharini vinapita chini, vingi havifiki zile mita 2,400, kwa hiyo badiliko ni dogo kuliko la jeti. Wa kuangalia zaidi ni wanaopanda ndege hizo hizo kwenda mbugani, Arusha na Serengeti, ambako inabidi zipande juu ya milima na masikio yanapanda nazo hadi juu. Huko hakuna mtambo wa kukusaidia. Kwa wa Mafia, muulize rubani atapita futi ngapi, viti viko karibu naye na atakujibu. Na mwambie ashuke taratibu kama hali ya hewa inaruhusu, wengi wao watakubali wakijua kuna mtoto.

Mzazi wa Kilindoni

Asante fundi. Tunasafiri Jumamosi, kesho nampeleka kwanza akachunguliwe yote mawili.